Tupeane uzoefu: Nairobi siku ya kwanza, kwa anayetoka Arusha au Moshi

Mwanzisha uzi, Kaloleni Arusha
Wakuu, kila mara kuna mtu wetu anayepanda gari kwenda Nairobi kwa mara ya kwanza: kufuata mzigo, kusindikiza mgonjwa, kuwahi ndege. Anajiambia ni hapo tu, kilomita kama 270, saa ni zile zile, magari yanapita kushoto, Kiswahili wanaongea. Huko kufanana ndiko kunakompoteza. Mnaoijua njia, andikeni ya siku ya kwanza, tangu Namanga mpaka mtu anaweka begi chini.

Dereva wa Noah, Arusha–Namanga
Naanza na mpaka, maana ukiukosea huo, Nairobi yote utaizunguka roho juu. Noah zinaishia upande wetu. Ukishuka tu, bodaboda wanakuzingira. Ukipanda bila kusema unataka kugonga muhuri, unaweza kujikuta umeshavushwa. Kituo cha pamoja kilizinduliwa 2018, na tangu hapo anayetoka Tanzania anamalizia kila kitu kwenye jengo la upande wa Kenya. Maafisa wa nchi zote mbili wamo humo: Uhamiaji wa kwetu wanakugongea kutoka, wa Kenya wanakugongea kuingia. Usiondoke dirishani kabla hujafungua ukurasa na kuiona mihuri yote miwili, na tarehe zinasomeka. Mmoja ukikosekana, utajieleza sana siku ya kurudi.

Viza hulipi. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Chukua pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kadi ya homa ya manjano ichomeke humo humo. Mfuko wa plastiki uache nyumbani, Kenya waliupiga marufuku 2017, miaka miwili kabla yetu.

Mama wa mitumba, Kiboriloni Moshi
Mimi nasemea hela. Shilingi moja ya Kenya huzungukia 20 za kwetu, ulizia kiwango asubuhi hiyo hiyo. Badilisha benki au duka la fedha, usibadilishe kwa wale wanaokufuata na bunda mkononi. Mchezo wao uko kwenye mkunjo: noti inakunjwa katikati ndani ya bunda, ncha zake mbili zinahesabiwa kama noti mbili. Zinyooshe zote, hesabu mwenyewe, polepole, hata akikuharakisha.

Noti ya elfu itazame usoni. Iliyo halali ina jengo la KICC, kile kituo cha mikutano cha Nairobi. Yenye sura kubwa ya Mzee Kenyatta ni ya zamani, ilikoma kutumika 1 Oktoba 2019. Ukipewa hiyo umepewa karatasi.

Halafu sikio, wanangu. Kwetu mia ni sarafu ya kumtolea mtoto pipi. Kule mia ni kama elfu mbili yetu, na wanaiita soo. Mbao ni 20, finje ni 50, thao au ngiri ni elfu. Siku ya kwanza ukitajiwa bei, izidishe kwa 20 ndipo ufungue pochi.

Mpokea wageni, Nairobi (kwao Machame)
Ndugu wakikuuliza unafika saa ngapi, usitaje saa. Waambie utapiga simu ukiwa Kitengela. Namanga, Kajiado, Isinya mnateleza vizuri, mkiikamata Mombasa Road foleni inaanza, na jioni kipande hicho kifupi kinaweza kula saa mbili nzima. Juu yenu mtaona barabara ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022. Magari mengi ya abiria yanabaki chini.

Kama mwenyeji wako yuko Syokimau, Imara Daima au South B, shukia njiani. Nawasisitizia hili kwa sababu watu wanabebwa mpaka katikati ya mji, usiku, na mabegi, kisha wanalipa tena kurudi walikopita. Kwenye foleni dirisha lifungwe na simu iwe mfukoni. Inachomolewa kwa nje, mkono mmoja tu, na aliyeichukua huwezi kushuka kumfuata.

Matatu, yaani daladala za huku, zina namba: 111 Ngong, 46 Kawangware, 58 Buruburu, 125 Rongai. Tatizo ni kwamba kila njia ina steji yake (kituo), zimetawanyika mitaa mbalimbali. Muulize mwenye duka au askari wa mlangoni, achana na anayejitolea kukubebea begi. Nauli uliza ukiwa bado chini, maana hupanda asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha inapanda tena. Kama huna haraka, subiri saa nne asubuhi.

Mwanafunzi, Sakina Arusha
Kwenye lugha: muuzaji akisikia mteja anasema "nisaidie maji", haombwi bure. Ndiyo "naomba maji" yao. Chai ukiitaka bila maziwa sema strungi, ukisema chai tu inakuja ya maziwa. Kushuka unasema "shukisha hapo steji".

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti. Inunue mapema, kwa sababu hata kibandani wanalipwa kwa M-Pesa, na chenji ya noti kubwa wengi hawana.

Mama wa mitumba, Kiboriloni Moshi
Na sweta! Mji uko karibu mita 1,800, sisi wa Moshi hatufiki hata 1,000. Mwezi wa saba utatetemeka.

Fundi simu, Stendi Ndogo Arusha
Vipi masoko, wapi kwa nini?

Mpokea wageni, Nairobi (kwao Machame)
Vifaa vya umeme na simu ni Luthuli Avenue. Spea za magari, Kirinyaga Road. Vyombo vya nyumbani, Kamukunji. Vitambaa vya jumla, Eastleigh. Mitumba, Gikomba, na huko uwahi alfajiri marobota yanapofunguliwa, kwa hiyo lala kwanza, uende kesho yake.