Matetemeko ya Witwatersrand kabla ya 1910: je, ukimya wa magazeti ni ushahidi?

Mpekuzi wa Nyaraka
Ndugu wanajukwaa, ninakusanya habari za matetemeko yaliyosikika Johannesburg, Afrika Kusini, na kwenye migodi ya jirani katika eneo la Witwatersrand tangu dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886 hadi 1910, seismografu, yaani mashine za kurekodi mitikisiko ya ardhi, zilipowekwa mjini humo. Chanzo changu kikubwa ni magazeti. Kinachonitatiza ni miaka ya 1899 hadi 1902, ambayo katika daftari langu ina habari chache mno. Je, ni sahihi kusema kwamba Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoifunga migodi, ardhi nayo ilitulia?

Jiwe la Chini
Usiharakishe, ingawa dhana yenyewe ina mantiki. Vita hivyo viliwahamisha pia watu ambao wangemwandikia mhariri, na wakati wa vita gazeti huwa na mengi ya kuchapisha kuliko vikombe vilivyogongana kabatini. "Halikutokea" na "hakuna aliyeandika" ni safu mbili tofauti. Hesabu kwanza umepata matoleo mangapi kwa kila mwezi, kwa sababu mwezi wenye matoleo matatu haulinganishwi na wenye 25.

Kisha itafute ripoti ya kamati iliyoundwa mwaka 1908 kuchunguza mitikisiko ya Ophirton, kitongoji kilichopakana na migodi. Kamati ilieleza kwamba nguzo za mwamba zilizoachwa chini ya ardhi huelemewa na uzito ulio juu yake, mwishowe baadhi hukatika ghafla, na mkazo unaoachiliwa ndio unaoutikisa mwamba. Kwa maelezo hayo, kusimamisha uchimbaji hakuziondolei nguzo mzigo. Zinaweza kuvunjika hata mgodi ukiwa mtupu.

Saa za Kale
Mimi nitagusia saa tu, maana ndiyo iliyoniponza. Hadi mwisho wa Februari 1903 saa rasmi ilitangulia ya Greenwich kwa saa moja na nusu. Kuanzia tarehe 1 Machi ikawa saa mbili. Mimi nilitoa saa mbili kwenye orodha nzima, matukio yote ya awali yakarudi nyuma nusu saa, na moja likaingia mara mbili kana kwamba ni mawili.

Tena sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu: gazeti la Kiingereza likitaja saa 22:00, mkono wenyewe huandika "saa 4 usiku", na kompyuta inasoma alfajiri. Nakili 22:00, na maneno ya gazeti yabaki pembeni yalivyo.

Jiwe la Chini
Naongeza moja. Matukio yanayorundikana saa ileile kila siku yatakufanya ushuku baruti, lakini usiyafute, kwa sababu mlipuko nao huamsha mwamba uliokwisha kuelemewa. Yatie alama tu.

Mpekuzi wa Nyaraka
Nashukuru sana. Nimehesabu: kwa Machi 1900 nina matoleo manne, yote ya wiki moja. Safu ya "halikutokea" nimeiacha tupu kwa miaka yote ya vita.