Jioni tatu za muziki wa Wayahudi wa Poland hapa Mtwara: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Muziki, Shangani

Wanajukwaa, nawasalimu. Kikundi chetu cha wapenda muziki kimekusudia kuandaa jioni tatu za kusikiliza na kujadili muziki wa Wayahudi wa Poland, kila Ijumaa baada ya magharibi, kwa kutumia rekodi pamoja na wapigaji wetu wa fidla na kodiani watakaojaribu nyimbo chache. Wazo hili lilitokana na habari za tamasha la utamaduni wa Kiyahudi ambalo limekuwa likifanyika katika mji wa Kraków, Poland, kwenye mtaa wa Kazimierz, tangu mwaka 1988, na ambalo waanzilishi wake, Janusz Makuch na Krzysztof Gierat, hawakuwa Wayahudi. Kinachonitatiza ni mpangilio. Wenzangu kadhaa wanataka tuanze na Vita Kuu ya Pili na mauaji ya halaiki ya Wayahudi, kwa hoja kwamba pasipo hayo msikilizaji hataelewa kwa nini muziki huu unaenziwa hata na wasio wenyewe. Mimi naona tukianza hivyo, kila kitakachofuata, hata wimbo wa harusi, kitasikika kama cha matanga. Naomba ushauri, hasa kuhusu upande wa Poland, maana wengi wetu tunaijua nchi hiyo kwa habari za kambi ya wakimbizi wa Kipolandi ya Tengeru, karibu na Arusha, tu.

Mkutubi, Lindi

Mwalimu, nakuunga mkono. Kabla ya vita, Poland ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3, karibu mtu mmoja katika kila kumi, na umati wa namna hiyo hauwezi kuwa mgeni katika muziki wa nchi. Wapigaji wa klezma, yaani muziki wa harusi na sherehe za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, walikwenda na fidla, klarineti na chombo cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti, na mara nyingi waliitwa pia kwenye karamu za majirani zao Wakristo, jambo lililowalazimu kujua ngoma za pande zote mbili.

Ukitaka ushahidi wa upande wa Poland, usiende mbali na utenzi mkuu wa taifa lao, *Pan Tadeusz*, uliotungwa na Adam Mickiewicz na kuchapishwa Paris mwaka 1834, wakati Poland yenyewe ilikuwa imegawanywa na kufutwa kwenye ramani. Karibu na mwisho wa utenzi huo, Myahudi mmoja mwenye kilabu cha pombe, Jankiel, anaombwa apige chombo hicho cha nyuzi, naye kwa vijiti viwili anasimulia historia ya nchi bila kutamka neno, kuanzia Katiba ya tarehe 3 Mei 1791 hadi wimbo wa wanajeshi wa Jenerali Dąbrowski, ambao leo ndio wimbo wa taifa wa Poland. Mshairi alikuwa na watu wengi wa kuwapa kazi hiyo, akampa Myahudi. Ningeisoma sehemu hiyo jioni ya kwanza, kisha ningeruka moja kwa moja hadi kumbi za dansi za Warsaw, alikotamba Jerzy Petersburski, mzaliwa wa jiji hilo kutoka katika ukoo wa wapigaji wa klezma, ambaye wimbo wake wa dansi ya tango, *To ostatnia niedziela*, wa mwaka 1935, bado unapigwa. Kodiani yenu itaifurahia.

Mpiga Marimba, Newala

Mwalimu, mmemsahau mtu ambaye huku kwetu ataeleweka kuliko wote. Michał Józef Guzikow alizaliwa mwaka 1806 katika ukoo wa klezma huko Shklov, mji uliokuwa ndani ya dola ya Poland na Lithuania hadi mwaka 1772. Alizunguka Ulaya akipiga marimba ya vipande vya mbao vilivyolazwa juu ya mafungu ya majani makavu, bila kibuyu wala sanduku la kukuza sauti, na mtunzi mashuhuri wa Kijerumani, Mendelssohn mwenyewe, alipomsikia mjini Leipzig mwaka 1836 alivutiwa mno. Guzikow alifariki mwaka uliofuata. Sisi hulaza mbao zetu juu ya mashina ya mgomba, kwa sababu ileile aliyoijua yeye: ubao ukikaa juu ya kitu kigumu sauti yake hufa, nao ukikaa juu ya kitu laini huachiwa nafasi ya kulia. Wapigaji waliozoea Tamasha la MaKuYa, la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, wakipewa nafasi kidogo jioni hiyo, watu wataona kwa macho kile ambacho maelezo ya nusu saa hayatawapa. Nipo tayari kuja na mbao zangu, ila mgomba mtautafuta ninyi.

Mstaafu, Masasi

Nakubali kwamba msianze na vita, lakini naomba msiisukume hadi dakika za mwisho za jioni ya tatu, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Jioni nzima ya pili ipewe Mordechai Gebirtig, seremala wa Kraków aliyetunga kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nyimbo za watoto, za mapenzi na za wafanyakazi. Hakuweza kuandika noti, hivyo marafiki zake ndio waliomwandikia. Mwaka 1938, akiwa na kumbukumbu ya mashambulizi dhidi ya Wayahudi wa Przytyk, mji mdogo wa Poland, ya mwaka 1936, alitunga *S'brent*, wimbo unaowalaumu watu wanaotazama mji wao ukiungua huku wamekunja mikono. Aliuawa kwa risasi katika geto la Kraków, yaani mtaa walikofungiwa Wayahudi, tarehe 4 Juni 1942. Kwa mtu huyu furaha na msiba havitengani, kwa hiyo ule ubishi wenu wa kipi kianze unapungua nguvu.

Jambo jingine ni hiyo siku mliyoichagua. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na Wayahudi washika dini hawapigi ala mpaka usiku wa Jumamosi. Kuwaenzi watu kwa muziki katika saa ambazo wao wenyewe huziweka ala chini si adabu.

Mwalimu wa Muziki, Shangani

Ahsanteni sana. Mzee wangu wa Masasi, tumehamia Alhamisi. Jankiel, Guzikow na Petersburski watakuwa jioni ya kwanza, Gebirtig ya pili, na ya tatu itahusu tamasha la Kazimierz pamoja na swali la nani ana haki ya kuupiga muziki huu, ambalo najua litawakesha. Mgomba umeshapatikana Mikindani.