Maua meupe yenye kitovu cha njano: nitayatofautishaje?

Chipukizi
Habari zenu wadau wa bustani. Naombeni msaada. Nina tuta ambalo wenyeji waliotangulia walipanda wakaondoka, sasa limechanua lote kwa pamoja. Maua karibu yote ni meupe yenye kitovu cha njano. Nimeambiwa mojawapo ni kamomili na ningependa kuyakausha kwa chai, lakini mengine nasikia ni magugu tu. Programu ya simu haisaidii, ua lile lile leo inaliita hivi, kesho vile. Nimehesabu mpaka petali, wapi. Pembeni kuna ya njano pia, nayo ni mtihani mwingine. Nianzie wapi?

Jembe Butu
Petali achana nazo, mkuu. Hii ni jamii ya alizeti, na unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Kila "petali" nyeupe ni ua zima, na kila kidoti cha njano pale katikati nacho ni ua. Idadi yake hubadilika hata kwenye mche mmoja, kwa hiyo utahesabu mpaka uchoke.

Chukua ua lililokomaa, lipasue kwa wembe kuanzia juu ya kitovu hadi kwenye kikonyo, kisha tazama ndani. Kamomili ya chai ina kitovu kilichochongoka juu, na ndani kina uwazi mtupu. Ukikuta kumejaa nyama nyeupe, hiyo siyo. Hapo usiishie: sugua vidoti vya njano kwa kucha vitoke, uone kama katikati yao, hasa sehemu ya juu, kuna vigamba vyembamba vimesimama mithili ya sindano. Vikiwepo, na jani likinuka vibaya, una gugu liitwalo Anthemis cotula. Huo haufai kwa chai, na utomvu wake huwawasha watu wengine ngozi, vaa glavu unapoung'oa. Ukikuta kumejaa lakini hakuna vigamba wala harufu ya maana, ni ule mwingine unaoitwa kamomili isiyonukia. Hauna ubaya wowote ila ni msumbufu, unamwaga mbegu kila mahali.

Mzee wa Mbolea
Wembe wa nini jamani? Fikicha, nusa, basi. Kamomili inanukia kama tufaha.

Jembe Butu
Mzee wangu, pua inasaidia lakini si shahidi wa kutegemea peke yake. Mtu mwenye mafua atakunywa magugu.

Bi Kitalu
Mmesahau majani. Hiyo mitatu ya Jembe Butu yote ina majani yaliyochanika kama nyuzi, ndiyo maana inachanganya. Mdogo wangu Chipukizi, ukikuta jani pana kidogo, laini, lenye mikato ya duara, na petali fupi nono zimezunguka kitovu bapa kama kifungo, hiyo ni Tanacetum parthenium. Harufu yake kali, chungu. Watu wengi huikausha wakidhani ni kamomili.

Je, kuna yoyote makubwa, ya kujaza kiganja?

Chipukizi
Yapo dada, na majani yake ni mazito, kijani iliyokolea, yana meno pembeni. Ila karibu yake kuna mengine yanafanana nayo kabisa, madogo kidogo.

Bi Kitalu
Makubwa ni deizi ya Shasta. Madogo huenda ni Leucanthemum vulgare, na kufanana kwake si bahati mbaya. Shasta ilizalishwa na Luther Burbank, mzalishaji wa mimea mipya, huko California, akaitoa mwaka 1901, na Leucanthemum vulgare ni mmoja wa wazazi wake. Angalia majani ya chini kabisa: ya huyo mzazi yana umbo la kijiko chenye mkono mrefu, na yale yanayopanda shinani yamekatwakatwa pembeni. Geuza ua pia, vijani vinavyolishika kwa chini vina ukingo mwembamba wa kahawia au mweusi. Huyo anatambaa kwa mashina ya chini ya udongo, ukimwachia nafasi anameza tuta.

Chipukizi
Nimepasua. Yale ya karibu na njia yana uwazi ndani, na harufu ni hiyo ya tufaha, Mzee wa Mbolea yuko sahihi. Ya nyuma yamejaa na yana hivyo vigamba, na kweli yananuka! Nimeshavaa glavu. Sasa hayo ya njano: moja lina petali zenye meno kwenye ncha, jingine kitovu chake ni cheusi kimeinuka, majani yana manyoya. La tatu naona ni alizeti ndogo tu.

Jembe Butu
La meno ni koreopsisi. Ligeuze, utaona duru mbili za vijani zisizofanana: vya nje vyembamba vya kijani, vya ndani vipana vimekaribia njano. La kitovu cheusi ni rudibekia. Hilo la tatu usiliamini haraka. Chomoa petali moja, tazama pale chini ilipokuwa imeshikilia. Ukikuta kiuzi kidogo kilichogawanyika mara mbili, ni heliopsisi, petali zake huzaa mbegu na hukaukia pale pale. Petali za alizeti hazina kiuzi hicho, hazizai kitu, zinadondoka.

Chipukizi
Kiuzi kipo.

Mzee wa Mbolea
Heliopsisi hiyo. Usiing'oe, hurudi yenyewe msimu ujao.