Ural-375D ya karatasi, skeli 1:25: nianze na mabomba ya Grad au chasisi?

Kisiki_BK:

Wakuu, habari za jioni. Nipo Bukoba, mchana nashika hesabu za duka, usiku nikishafunga daftari nakata karatasi. Nimeshajenga nyumba ya msonge yenye nyasi za karatasi ya kaki, na MV Victoria niliyoichora mwenyewe kwa kuitazama bandarini. Sasa nimejitia kwenye jambo kubwa: lori la Kisovieti, Ural-375D, lenye mtambo wa kurushia roketi wa BM-21 Grad mgongoni, kitini cha Kipolandi cha kuchapisha na kukata, skeli 1:25.

Kwa nini hiyo? Baba alikuwa mtoto Kyaka mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovuka na daraja likalipuliwa. Kila akisimulia vita hafiki mbali kabla hajaiga mlio wa Saba Saba, na mama humkataza maana wajukuu hawalali. Saba Saba ndiyo hiyo Grad. Nataka nimwekee mezani aione.

Maelezo yote ni ya Kipolandi, kwa hiyo natazama michoro tu. Vipande vingine vina nyota moja pembeni ya namba, vingine nyota mbili. Vingine vina L, vingine P, na nilidhani P ni "page" ya kitu fulani lakini haiji. Halafu kuna mabomba arobaini! Mkono unaniwasha nianze na hayo, maana ndiyo sura ya gari lenyewe. Steshenari za hapa zina karatasi ya kawaida ya gramu 80 na manila basi. Zinatosha? Na magurudumu mnayafanyaje yasionekane kama vipande vya keki?

Natanguliza shukrani.

bi_mkasi:

Karibu kaka. Mimi ni wa majahazi na majumba ya Pangani, malori siyajui, lakini nitasema moja: anza na unachokipenda. Watu wanaanza na chasisi, wanachoka, boksi linakwenda juu ya kabati mpaka mende wanalifungua wenyewe. Na kwa habari ya mende, usithubutu gundi ya uji wa unga. Tumia gundi nyeupe ya mbao, na uwe unaipaka kwa njiti, si kwa kidole.

FundiManila:

Bi mkasi, heshima yako, ila kwenye lori napingana nawe. Jahazi likipinda kidogo watu watasema bahari imechafuka. Lori likipinda linasimama kwa magurudumu matano, la sita linaning'inia hewani, na hakuna dawa.

Kisiki, tuanze na maandishi. Kwa kawaida vitini vya Polandi nyota moja maana yake kipande kibandikwe kwanza juu ya kadi ya nusu milimita, na nyota mbili kadi ya milimita moja. Wachapishaji wengine wana utaratibu wao, kwa hiyo tazama ukurasa wa mbele, utaona nyota zimeandikwa na "mm" pembeni. L ni kushoto na P ni kulia. Hiyo P imewaangusha wengi waliodhani ni kifupisho cha Kiingereza, wakajikuta na milango miwili ya upande mmoja. Wenzetu wale wamekuwa wakikata karatasi tangu miaka ya 1950, jarida lao la Mały Modelarz lilikuwa likiuzwa kwa watoto wa shule, ndiyo maana michoro yao inajitosheleza hata usipojua lugha. Iamini michoro.

Karatasi: gramu 80 na manila zinatosha kabisa. Ngozi ya gari, yaani kabini, boneti na madigadi, chapisha kwenye karatasi nene ya gramu 160 ukiipata. Ukiikosa, peleka manila iliyokatwa A4 kwenye printa inayokubali. Kadi ya milimita moja usinunue. Jalada gumu la daftari kubwa la hesabu, ambalo kwa kazi yako najua hulikosi, ni kadi nzuri kuliko maboksi ya viatu. Boksi la viatu lina tabaka laini katikati, ukilikata linachanika manyoya.

Sasa uchapishaji. Mwambie kijana wa steshenari achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu kompyuta ikaze picha iingie kwenye ukurasa. Akikuchapia kurasa tatu leo kwa asilimia 97 na nne kesho kwa 100, kabini haitakaa juu ya chasisi mpaka dunia iishe. Pima kabla ya kulipa. Kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi ya kati, gari halisi lina milimita 3,525. Gawa kwa 25, unapata 141. Kutoka ya kati hadi ya nyuma ni 1,400, kwako 56. Rula ikikataa, rudisha karatasi. Ukiwa na printa ya wino, pulizia vanishi kavu kabla ya kukata, la sivyo unyevu wa ziwa na jasho la vidole vitaihamisha rangi ya kijani mpaka kwenye shati. Printa ya leza haina shida hiyo, ila unga wake hupasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo kila mkunjo uchore kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino na rula ya chuma, polepole, mara mbili.

Chasisi ndiyo kazi yenyewe. Lori zima lina urefu wa mita 7.35, kwako ni milimita 294, na A4 ina 297. Kwa hiyo mihimili miwili ya fremu huenda imekatwa vipande viwili kwenye kitini. Usiunge maungio ya mihimili yote mawili mahali pamoja. Mmoja uunge mbele, mwingine nyuma, na ndani yake tia ukanda wa kadi unaopita juu ya ungio. Jengea juu ya kioo. Kipande cha kioo cha dirisha kwa fundi ni bei ya soda, na hakipindi. Weka fremu chini, juu yake weka kitu kizito usiku mzima, asubuhi itazame kwa jicho moja kutokea nyuma, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imejipinda hata kidogo, loweka ungio kwa maji ya brashi, nyosha, kandamiza tena. Usiendelee mpaka imenyooka.

Springi za mbele usikunje kipande kimoja. Kata vipande vya kadi vya urefu unaopungua, vibandike kimoja juu ya kimoja vikiwa tayari vimepindwa juu ya chupa, vikauke hivyo hivyo. Shafti fanya kwa spoku ya baiskeli iliyozungushiwa karatasi, au kama wewe ni mtu wa karatasi tupu, zungusha juu ya spoku halafu ichomoe. Hapo kila mtu na dini yake, mimi spoku naiacha ndani.

Magurudumu: tairi la Ural ni 14.00-20, kimo chake ni karibu mita moja na robo. Kwako ni milimita 50. Sasa rudi kwenye ile 56 kati ya ekseli mbili za nyuma. Unaona? Nafasi kati ya tairi na tairi ni milimita 6 tu. Ukitengeneza duara la 50 halafu ukabandika kashata, yaani meno ya tairi, juu yake, tairi zinakaribia kubusiana. Kata maduara ya 48, kashata ziongeze moja kila upande. Maduara kumi na manne ya kadi ya milimita moja kwa kila gurudumu, yale ya pembeni yapunguze kidogo ili bega la tairi liwe mviringo. Yabandike, yapitishie msumari katikati, yazungushe juu ya msasa mpaka ngazi zipotee. Kisha tonesha supa gluu pande zote. Karatasi inaifyonza na kuwa ngumu kama mbao, halafu piga msasa tena. Fungua madirisha, mvuke wake unauma macho.

Kashata zake ni za mshale, mistari inayokutana katikati kwa umbo la V. Kata vijiti vya manila, bandika kimoja kimoja. Ni kazi ya redioni: weka mpira, wacha mikono ifanye. Usinunue njia ya mkato ya kuzungusha ukanda uliochapishwa, kwa sababu hapo ndipo "keki" yako inapotokea. Na hakikisha mishale yote inatazama upande mmoja gari likiwa limesimama, yaani magurudumu ya kushoto na ya kulia hayafanani.

Mabomba ni mwisho. Siyo kwa sababu ni magumu, ni mepesi kuliko tairi. Ni kwa sababu ukiyamaliza utajiona umefika.

Kisiki_BK:

Mkuu FundiManila, nimesoma nikasimama. Fremu nimeianza, kioo nimepata. Ila niambie tu hayo mabomba, hata nisipoyagusa nilale na amani. Jambo jingine, nina picha mbili nilizopakua za kutazama rangi, na pua za magari hayo mawili hazilingani. Moja grili imekaa sawa na madigadi, nyingine imechomoza mbele. Ipi ndiyo?

mzee_wa_gia:

Vijana, nimewasoma muda mrefu, karatasi siyajui lakini Ural nimelala chini yake miaka mingi na spana mkononi.

Hiyo iliyochomoza siyo 375D. Hiyo ni 4320, ilianza kutoka kiwandani Miass, Urusi, mwaka 1977 na injini ya dizeli ya KamAZ, ambayo ni ndefu, ikasukuma rejeta mbele. 375D ni ya petroli, ZIL ya silinda nane ya mkao wa V, nguvu farasi 180. Ilikuwa inakunywa karibu lita 50 kwa kilomita 100 barabarani, porini ndiyo usiulize. Kwa hiyo picha ya kufuata ni ile ya grili iliyokaa sawa na madigadi. Na kabini yake ina paa la bati. Ukiona Ural ya zamani yenye paa la turubai, hiyo ni 375 kabla haijawekewa D.

Kitu kimoja watengeneza picha na modeli wanakisahau: katikati ya kila rimu. Gari lile dereva alikuwa anapunguza na kuongeza upepo wa tairi akiwa ndani, gari likitembea, kwa ajili ya matope na mchanga. Kwa hiyo kwenye kitovu cha gurudumu kuna kibomba kifupi cha upepo kinachokwenda kwenye rimu. Kijana weka hicho kibomba. Mtu aliyeliendesha atakitafuta hicho kwanza kabla ya kutazama mabomba ya roketi.

Rangi isiwe ya kung'aa. Na chini, kuanzia usawa wa ekseli, lipake vumbi. La kwenu ni jekundu, unalo mlangoni.

Kisiki_BK:

Shikamoo mzee. Kibomba nitakiweka. Vumbi nalifuta kila siku dukani, leo nimepata kazi yake.

FundiManila:

Mzee shikamoo. Hilo la kibomba hata mimi nalichukua, spoku haitafaa, ni waya wa simu uliovuliwa plastiki.

Kisiki, chukua mabomba yako basi. Bomba halisi lina urefu wa mita 3 na tundu la milimita 122. Kwako ni urefu wa 120 na tundu la karibu 5. Unahitaji sindano ya kufumia sweta namba 5, ile namba ndiyo milimita zenyewe. Kata karatasi ya gramu 80 vipande vya 120 kwa 33, hiyo 33 inakupa mizunguko miwili. Ule urefu wa 120 uende na urefu wa A4, kwa sababu karatasi nyingi za A4 nyuzi zake zimelala upande huo, na karatasi hujikunja kwa hiari pale sindano inapolala sambamba na nyuzi. Ukikata upande mwingine itavunjika-vunjika na bomba litakuwa na pembe. Ukurasa mmoja unatoa vipande kumi na viwili, kwa hiyo kurasa nne zinatosha na vinavyobaki ni vya kuharibu.

Kabla ya kukunja, paka weusi upande utakaokuwa ndani, sentimita moja kila mwisho. Ukingoja mpaka limekauka, brashi haitaingia vizuri na weupe utachungulia. Gundi kidogo sana, nusu ya mwisho tu, zungusha kwa kiganja juu ya kioo, chomoa sindano mara moja. Ukichelewa umetengeneza sindano yenye nguo.

Yakikauka yapange kumi kumi, safu nne. Safu zinakaa moja juu ya nyingine bila kupishana, usije ukayapanga kama kuni au asali. Weka rula ya chuma kama ukuta ili midomo yote iwe sawa, bandika safu moja, iache ikauke, ndipo ya pili. Kingo zote za karatasi zilizokatwa zipitie kwa penseli ya kijani, maana ule mstari mweupe kwenye kingo ndio unaosema "karatasi" kwa mtu aliyesimama mita mbili.

Ukitaka mtambo uinuke, bawaba yake iwe pini ya ofisini. Grad huinuka mpaka nyuzi 55, usiipite hapo. Kwa meza ya mzee wako ningeuinua na kuugeuza pembeni kidogo, haukai vizuri ukiwa umelala juu ya kabini.

bi_mkasi:

Sindano chukua za chuma. Za plastiki namba 5 hupinda katikati, na za mianzi karatasi hunata. Duka la nyuzi wanauza jozi, moja utakayoibakiza mpe mama.