ETI SAUTI YA KATIKATI NIMEKOPA!!!

Mwana_Langoni: Jamani sijalala. Saa tisa na nusu usiku, kanzu ya harusi bado iko mwilini, naandika mkono unatetemeka. Yule bwana wa kinanda (jina silitaji, Lamu nzima yamjua, hata punda wakimuona hujibana ukutani apite) leo kanimaliza mbele ya watu.

Binamu yangu anaoa. Nikaambiwa nifungue mimi, wimbo mmoja tu. Nikaanza chini, polepole, kama Zein l'Abdin, yule mwimbaji wetu wa taarabu, mtu ametulia na udi wake hana haraka. Vichwa vikaanza kutikisika. Mzee mmoja kainuka kuja kunitunza, noti ya mia mbili mkononi, nimeiona kwa macho yangu. Hapo hapo yule bwana akabonyeza kile kitufe chake cha kupandisha tuni. Nikamfuata. Akabonyeza tena. Nikamfuata, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za jahazi. Mara ya tatu sauti ikakatika, kikatoka kitu sijui nikiiteje, paka wa Langoni wote wamehamia Shela bila kulipa boti.

Yeye akavuta maikrofoni. Akasema: "Ya juu hana, ya chini hana, na hii ya katikati amekopa."

AMEKOPA. Kwa nani? Duka gani linakopesha sauti? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bwana harusi naye akacheka, damu yangu! Yule mzee akairudisha mia mbili mfukoni, tena akaikunja mara nne.

Sasa tuulizane, nani alikuwa nazo zote tatu? Juma Bhalo, naye wa taarabu, alipanda na zile tuni za filamu za Kihindi mpaka ukadhani hatashuka, lakini huko chini alikokaa Zein angefanya nini? Na Zein, mzaliwa wa hapa hapa, nani alimdai apande? Bi Kidude wa Unguja sauti nzito, imekwaruza kama mnyororo wa nanga, na dunia ikamfuata hivyo hivyo. Wote hao hakuna aliyewaambia wamekopa. Mimi ndiye mkopaji. Mbele ya mashemeji!

BintiMkomani: Pole kaka. Sisi wanawake tulikuwa juu darini. Ile ya tatu ilipotoka shangazi akauliza mbona mbuzi wa kesho anachinjwa usiku.

Kahawa_Tungu: Huyu anahadithia nusu. Mbona husemi alasiri barazani ulivyomwambia mwenzio kuwa kinanda si chombo cha muziki, ni redio yenye meno? Mimi ndiye niliyeshika dele la kahawa, nilikuwepo. Ulitaraji akupake hina?

Mwana_Langoni: Hilo jambo jingine kabisa. Na meno kweli kinayo. Lakini kitufe kabonyeza mara TATU.

Fundi_Spika: Ngojeni niwape kitaalamu. Noti ikipanda okteva nzima, mitetemo inakuwa maradufu, ile ya 440 kwa sekunde inakuwa 880. Ukipanda, nyuzi za sauti kooni zinavutwa na kuwa nyembamba. Ukishuka zinalegea na kunenepa. Hapo katikati ndipo mtu anapohama kutoka sauti ya kifua kwenda ya kichwa, asiyejua kuhama hukatika njiani. Sasa kitufe kile kila ukibonyeza kinapandisha nusu hatua tu. Nusu hatua 12 ndizo okteva. Mara tatu ni robo ya okteva.

Kahawa_Tungu: ROBO! Mtu mzima ameuawa na robo 😂😂

Nahodha_Mstaafu: Wanangu, Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, kwa sauti yake nzito alikuwa akishika wimbo mmoja saa nzima, na Alhamisi ya kwanza ya mwezi Waarabu wote masikio kwenye redio. Huyu wetu hata beti la pili hakulifikia. Mwanangu, vua kanzu ulale.

Mwana_Langoni: Babu, Umm Kulthum hakuwa na yule bwana nyuma yake na kidole.

Malindi_Kwetu: Nyinyi mnalia na kitufe, na mwimbaji mnaye. Njooni Malindi. Harusi ya juzi hakuna mwimbaji, hakuna tabla, kaja kijana na kompyuta, akamfungulia Lata Mangeshkar, yule mwimbaji wa filamu za Kihindi, kwenye spika zilizopasuka. Sauti ya juu inatoka filimbi, ya chini inatikisa sufuria jikoni, katikati hamna kitu, na Lata ni mtu wa juu, maskini! Sikio langu la kushoto mpaka leo lina nyuki.

BintiMkomani: Malindi na biriani yenu ya viazi vitupu, msituambie kitu.

Malindi_Kwetu: Viazi ndiyo biriani dada. Mimi harusi ya kwenu nililishwa wali, nyama niliisoma kwenye kadi ya mwaliko.

Kahawa_Tungu: Hapo kasema kweli. Leo sinia yetu watu sita, vipande vitatu. Na kuna mtu alikifukia kimoja chini ya wali upande wake. Simtaji, anajijua.

Nahodha_Mstaafu: Kwetu achari haikufika kabisa. Nimeuliza mara mbili.

Mwana_Langoni: Jamani, uzi ni wa kitufe. AMEKOPA alisema. Mashemeji walikuwa safu ya mbele.

Fundi_Spika: Nyama gani mnayoisema? Darini si walikula kuku?

BintiMkomani: Kuku, ndiyo. Nusu nusu kila mtu.

Kahawa_Tungu: KUKU????

Malindi_Kwetu: Nusu kila mtu na sisi tunagombania mfupa.

Nahodha_Mstaafu: Achari je, huko juu ilikuwepo?

BintiMkomani: Aina mbili babu, ya embe na ya ndimu.

Nahodha_Mstaafu: Lahaula.

Shela_Upepo: Samahani, nimeingia sasa hivi. Nani kachukua makubadhi yangu mlangoni? Nimeachiwa mawili, yote ya kushoto.