Mwalimu wa watoto waliolazwa wodini: kazi hii hupangwaje?

Mwalimu wa KKK

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa walimu wenzangu. Nimefundisha madarasa ya chini ya shule ya msingi kwa miaka mingi, na sasa hospitali moja ya rufaa imeniomba nifundishe katika wodi yake ya watoto. Wamo wenye saratani, waliovunjika mapaja, walioungua moto na wenye selimundu. Baadhi hukaa majuma machache tu, lakini wengine huruhusiwa na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka miwili.

Nimezoea kuandaa azimio la kazi la muhula na andalio la somo la kipindi kizima, lakini sioni yatanisaidiaje mahali ambapo watoto wa leo si watoto wa kesho, mmoja akiwa darasa la pili na jirani yake la saba. Naomba waliowahi kuifanya kazi hii wanieleze wanavyoipanga, na wanavyofanya mtoto anapokataa kusoma. Maneno ya kunitia moyo nimeshayapata ya kutosha kwa jamaa zangu. Ninachotafuta ni namna ya kufanya kazi.

Mstaafu wa Chaki

Mwalimu mwenzangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Mtoto aliyelazwa haulizwi lolote: haulizwi saa ya kuamshwa, haulizwi chakula, na hata akilia, sindano itachomwa. Katika watu wote wanaomjia kitandani, wewe peke yako ndiye anayeweza kukuambia "sitaki" na kauli yake ikasikilizwa. Mwachie haki hiyo. Mwambie utarudi baada ya raundi ya madaktari, kisha urudi saa ileile uliyoitaja, hata ukijua atakataa tena. Watoto wengi niliowafundisha walikataa mara kadhaa kwa makusudi ili waone kama kweli nitaondoka na kama kweli nitarudi, na walipokwisha kuhakikisha hayo mawili, wakaniomba daftari wenyewe.

Kuhusu mpango, azimio la muhula liweke kabatini. Kila mtoto awe na daftari lake la maendeleo ambalo utaliandika wewe, na kila somo liwe jambo moja linaloanza na kuisha ndani ya dakika 15 au 20, ili akiitwa kwenda kupigwa picha ya eksirei asiache kitu nusu. Lakini usiwapime wote kwa kipimo kimoja. Mtoto aliyevunjika paja, ambaye mguu wake unavutwa kwa uzito na hawezi kutoka kitandani kwa majuma kadhaa, akili yake ni timamu na kinachomtesa zaidi ni kuchoka kulala. Huyo anaweza kufanya hesabu kwa saa nzima na akaomba nyingine. Kumpa picha za kupaka rangi kwa sababu tu yumo wodini ni kumdharau. Mtafutie ubao mwepesi wa kubania karatasi, na penseli badala ya kalamu, kwa kuwa kalamu ya wino hukatika unapoandika umelala chali.

Jambo ninalolihesabu kuwa nusu ya kazi yenyewe hufanyika kwa simu. Mara mtoto anapolazwa, omba ruhusa ya mzazi, kisha mpigie mwalimu mkuu wa shule anakotoka. Uliza darasa lake limefika mada gani, na hakikisha barua ya daktari inafika shuleni ili mtoto asije akaandikwa mtoro. Kwa darasa la nne na la saba usichelewe hata kidogo, maana mambo yote ya mtahiniwa na Baraza la Mitihani hupitia shule aliyosajiliwa, si wodi aliyolala. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika maktaba yake ya mtandaoni. Vipakue ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao wa wodini si wa kutegemea.

Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi katika wodi ya watoto, na ninakubaliana na mwalimu mstaafu isipokuwa katika jambo moja. "Sitaki" ya mtoto mgonjwa huenda ikawa dalili ya ugonjwa. Ukiona mtoto aliyesoma vizuri jana leo anageukia ukutani, mheshimu, lakini pia utuambie, maana huenda homa inapanda, au chembe zake nyeupe za damu zimeshuka, au ana maumivu ambayo hajamtajia mtu. Kwa mtoto mwenye selimundu, akishindwa ghafla kushika penseli, au maneno yakianza kumkwama, usingoje kipindi kiishe. Ita muuguzi papo hapo, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto mdogo.

Dawa nazo zina tabia zake. Vinkristini, inayotumika katika saratani kadhaa za watoto, huweza kudhoofisha vidole na nyayo, hivyo mwandiko ukiharibika usimkaripie. Prednisoloni huleta njaa na hasira, na mtoto aliyekuwa mpole anaweza kukutupia daftari. Baadhi ya dawa za saratani hutoa vidonda mdomoni. Siku hizo usimwambie asome kwa sauti, bali msomee wewe naye aonyeshe jibu kwa kidole. Tena tuulizeni mapema: tukijua mtoto anaandika kwa mkono wa kulia, mara nyingi tunaweza kuweka kanula, yaani mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, mkono wa kushoto.

La mwisho ni kinga. Nawa mikono kati ya kitanda na kitanda, penseli zisizunguke bila kufutwa, na ikiwa kwako kuna mtoto mwenye tetekuwanga au surua, toa taarifa na usiingie wodini hata kama wewe ni mzima.

Baba Tunu

Nachangia kama mzazi. Binti yangu alitibiwa saratani ya damu, na tiba yake ilichukua zaidi ya miaka miwili. Masomo ya wodini yalimsaidia, lakini shida kubwa ilikuwa kurudi shuleni: wenzake waliogopa kuambukizwa, na mwalimu mmoja alimkalisha peke yake nyuma ya darasa. Mwalimu wa wodini ndiye aliyesafiri hadi pale, akawaeleza wanafunzi kwamba saratani haiambukizi na kwamba nywele huota tena. Ukiweza, liweke hilo katika kazi zako tangu mwanzo. Tena usiwasahau akina mama wanaouguza, ambao hukaa kitandani mchana kutwa wakisikiliza. Mmoja wa wodi yetu alijifunza kusoma pembeni ya mwanawe.

Mwalimu wa KKK

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili ambayo nimekuwa nikiyaahirisha. Mtoto akifariki, wenzake wanaambiwa nini? Na je, mshahara wangu utaendelea?

Mstaafu wa Chaki

La kwanza, msipitane na wauguzi: kaeni mkubaliane maneno kabla hujaingia darasani, kisha semeni kwamba amefariki. Ukiwaambia kwamba amesafiri au amelala, aliye kitanda cha pili ataogopa safari na usingizi, na kwa kawaida wanakuwa wameshajua kabla yako. Somo la siku hiyo lifanyike, fupi, kwa anayetaka. Daftari lake lihifadhi, na wazazi wakiliulizia uwape. Usiwafuate nalo msibani.

La pili, usihame kwa makubaliano ya mdomo. Mwajiri wako ni halmashauri, kwa hiyo omba kwa mkurugenzi, kupitia mwalimu mkuu, barua ya kuazimwa inayotaja kituo, muda na atakayekulipa. Hospitali nayo iandike kwamba inakuhitaji. Kabla ya kuanza, omba ruhusa ukatazame wenzako wanavyofanya: Muhimbili, ambako taasisi ya Tumaini la Maisha huwahudumia watoto wenye saratani, au, ukipata nauli ya mbali, kituo cha watoto cha Sally Test kilichoko Eldoret. Ukipata nafasi ya kujiendeleza, Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha hufundisha elimu maalumu, ambayo itakufaa zaidi kwa wale watakaotoka wodini na ulemavu.