Tupeane uzoefu: jina la Mchina lililowahi kukuumbua

Mbavu Moja: Wakuu, jana mwanangu kaniuliza eti Bruce Lee na Jet Li ni ndugu. Nikakumbuka kibanda umiza cha utotoni. Tumelipa kumwona Bruce Lee, mkanda unafika nusu jamaa hafanani kabisa. Kumbe Bruce Li! Lee mwenyewe kafa Hong Kong Julai 1973, wenye filamu wakaokota akina Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee kuziba pengo. Tukadai hela yetu, mwenye kibanda akajibu, "Kanyoa tu huyo." Nani mwingine yamemkuta?

Kanzu Fupi: Mimi nilipigwa na Bruce Le. Herufi moja tu mkuu.

Wa Nanjing: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa Nanjing kwa ufadhili, mwaka wa lugha. Mwalimu, mama mmoja mpole sana, akatugawia watu wa kale, kila mtu asimame aeleze dakika tano. Nikaangukiwa na Sima Guang. Usiku nikachungulia simu harakaharaka, nikaona Sima, mwandishi wa historia, nikajua ndiye. Asubuhi nikasimama na Kichina changu cha kuokoteza: huyu bwana alimtetea jenerali Li Ling aliyejisalimisha kwa adui, mfalme Wu akawaka, wakamhasi, akaivumilia aibu ili amalize kitabu chake. Kwenye kuhasiwa neno sikuwa na hakika nalo, nikasaidia na ishara ya mkono. Darasa kimya. Mkorea wa mbele kalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Mwalimu akauliza taratibu, "Na mtungi je?" Mtungi gani tena?

Kumbe Sima Guang kila mtoto wa Kichina anamjua: mwenzao katumbukia kwenye mtungi mkubwa wa maji, wengine wakatimua mbio, yeye akachukua jiwe akaupasua. Ni wa enzi ya Song, kazaliwa 1019. Na yeye aliandika historia, tena kwa miaka 19, ndiyo maana nikaingia mkenge. Niliyemwelezea mimi ni Sima Qian wa enzi ya Han, zaidi ya miaka elfu kabla yake! Nimemhasi mtu asiye na kosa. Mpaka naondoka walikuwa wananiita Mtungi.

Kijana wa Kitale: Mimi Mkenya, nilisoma Sima nikaenda jikoni kuangalia sufuria.

Kanzu Fupi: Sima Guang na sukuma wiki 😂

Teke la Saba: Turudi kwenye mada. Wong Fei-hung, yule bingwa wa kung fu, ni Jackie Chan, yule mlevi wa mkanda wa 1978.

Mbavu Moja: Acha uongo. Ni Jet Li, 1991.

Babu Kaseti: Nyote mmeishia kwenye mikanda. Wong alikuwa mganga wa kweli, mtu wa Foshan, kafa miaka ya 1920. Na kabla ya hao vijana wenu, Kwan Tak-hing alishamwigiza mara zaidi ya 70.

Teke la Saba: Nani kakuuliza? Haya, na Chen Zhen, yule shujaa wa mikanda ya kung fu, naye alikuwepo?

Babu Kaseti: Wa kutunga. Mwalimu wake Huo Yuanjia ndiye wa kweli, kafa 1910.

Teke la Saba: Nimemlilia Chen Zhen utoto mzima, leo unaniambia hakuwepo?

Bi Mapazia: Mie yalinikuta Guangzhou nilikokuwa nachukua vitambaa. Mwenye duka alinambia anamtukuza Guan Gong, yaani jenerali Guan Yu, uso mwekundu, ndevu mpaka kifuani. Nikaenda kumnunulia sanamu, ulimi ukateleza, nikatoka na Guanyin, bibi wa huruma kavaa nyeupe! Alipokea kwa mikono miwili, akamweka karibu na jenerali. Bei hakunipunguzia hata senti.

Kijana wa Kitale: Ushauri: kwa Wachina ukoo hutangulia. Akina Li na Zhang wamejaa, shika jina la mwisho.

Babu Kaseti: Halisaidii. Zhang Liang wako wawili, mmoja mshauri wa Liu Bang, mfalme wa kwanza wa Han, mwingine wa waasi wa vilemba vya manjano wa mwaka 184. Shika herufi zao, haziko sawa.

Kanzu Fupi: Herufi utazishikia wapi? Mwite kila mtu Mwalimu, yaishe.

Wa Nanjing: Na Cao Cao, yule mbabe wa vita wa kale, msimtaje mbele ya wakwe. Ukikosea toni umeshatukana.

Bi Mapazia: We Mtungi, ulifaulu lakini?

Wa Nanjing: 61.